Chiriku Hasikiki Ukumbini

Mama mkwe bado amesimama. Tulimwacha hapo wiki iliyopita, katikati ya viti vya plastiki, mkoba kwapani, macho kwenye spika. Na wiki nzima mmekuwa mkinisimamisha njiani mkitaka kujua alijibiwa nini. Haya, kaeni vizuri.

Aliuliza hivi: "Mwanangu yuko wapi?"

Na alikuwa na haki ya kuuliza. Ngoma ilikuwapo. Besi ilikuwapo, inatikisa vioo vya madirisha. Vinanda vyote vya kompyuta vilikuwapo, kimoja baada ya kingine. Kilichokosekana ni sauti ya Chiriku, huyo mwanawe, mwenye wimbo. Ubeti wa kwanza ulipofika pakawa patupu. Ukabaki mwangwi mwembamba kwa mbali, kama mtu anayeimba bafuni nyumba ya jirani, halafu hata huo ukaisha.

Wewe uliyeanza kusoma leo, nikuvushe haraka. Chiriku amefariki. Kifua kilimbana ghafla asubuhi moja, mume wake akiwa kazini mji mwingine, na hospitali hakufika. Mume wake ndiye Fundi, mkwe wa huyu mama, mtu anayeupokea muziki wa watu ukiwa vurugu akaurudisha una nguvu na umetulia, kila chombo mahali pake. Chiriku aliacha wimbo mmoja haujamalizwa. Familia ikamkabidhi Fundi aumalize, usikike ukumbini leo alasiri mbele ya watu, kisha utolewe. Hakuna mwingine utakaorekodiwa. Ukitoka vibaya, ndiyo imetoka.

"Shemeji! Umemfanya nini dada yangu?"

Huyo ni mdogo wa marehemu, shemeji yake Fundi, na sisi tumwite Shemeji. Ndiye aliyekodi ukumbi, ndiye aliyealika watu, ndiye mwenye neno la mwisho. Alipanda jukwaani mbio, viatu mkononi.

"Sijamfanya kitu," Fundi alisema.

"Umemfuta!"

"Yupo. Vaa usikilize." Akampa hedifoni.

Shemeji akazivaa. Uso ukamlegea. "Yupo," alisema. "Namsikia. Masikio yote mawili." Akazivua, ukumbini patupu. Akazivaa, yupo. Akazivua tena, hayupo.

"Toba! Hiki kiini macho gani?"

Kicheko kikatoka nyuma ya mashine ya sauti ya ukumbi. Kishindo huyo. Jina alipewa na majirani zake, na hawakumpa kwa mapenzi. Yeye ndiye mwenye kuendesha spika za ukumbi ule, na amekuwa akitangaza kwa yeyote anayesimama kumsikiliza kwamba hajawahi kukutana na wimbo usioongezeka sauti.

"Fundi, kaka yangu, wimbo wako una jini," alisema. "Pole sana. Bahati nzuri mimi ninao wangu hapa." Akatoa flashi mfukoni.

Wake? Kaupata wapi? Fundi akageuka taratibu kumtazama shemeji yake, na shemeji yake akatazama vidole vya miguu.

"Nilimpa nakala ya vipande vyote vya wimbo," alisema. "Nisamehe. Nilikuwa na wasiwasi, shemeji. Tangu msibani wewe ni kama haupo. Mtu anakwambia pole unamwambia asante, anakwambia kula unakula, lakini haupo."

Mwanamume mwingine hapo angepindua meza. Fundi alikuwa anaangalia spika ya kulia, imepungua skrubu moja kwenye wavu wake. Hakusikia hasira. Alijua kwamba hapa ndipo mahali pa kukasirika, akasubiri, hasira haikuja. Ndivyo alivyokuwa tangu siku alipopigiwa simu ya msiba. Amekufa ganzi kuanzia utosini hadi chini.

Kishindo akapiga wimbo wake.

Mama yangu! Chiriku akatoka kwenye spika mkubwa kama nyumba. Watu waliokuwa wanapanga viti wakaacha viti. Shemeji akapiga makofi, akaruka, machozi yanamtoka.

"Hiyo ndiyo! Huyo ndiye dada! Mnasikia anavyojaa?"

Fundi alisikia, na alisikia mengine pia. Chiriku alikuwa na kawaida ya kuishusha sauti mwishoni mwa mstari, kama anakwambia siri. Kishindo ameibana sauti mpaka mwisho ule umelingana na mwanzo. Siri inapigiwa kelele. Ngoma haina tena kishindo, licha ya jina la mwenyewe, kwa sababu kila kitu kimepandishwa kimekuwa kimo kimoja. Kila penye herufi ya s panakata sikio. Na mwimbaji havuti pumzi hata mara moja, wimbo mzima.

"Imebanwa mpaka imekosa hewa," Fundi alisema. "Haina pa kwenda. Ukiongeza kidogo tu itakwaruza."

"Nani kakuuliza?" Kishindo alisema. "Wangu una mwimbaji. Wako hauna."

"Mama, wewe unaonaje?" Shemeji aliuliza.

Najua mlichotarajia. Hata mimi nilitarajia hivyo hivyo, kwamba mama atakataa, atasema huyo siye mwanangu. Mama mkwe akakaa kitini, akaweka mkoba mapajani.

"Huyo anapiga kelele," alisema. "Mwanangu hakuwa mtu wa kelele." Akamtazama Fundi. "Lakini yupo. Bora huyo, mkwe wangu, kuliko yule wako asiyekuwepo kabisa."

Basi imekwisha, Fundi aliwaza, na hata hilo halikumuuma.

Ila Shemeji alikuwa ameona uso ule, akaogopa. "Sikiliza," alisema. "Watu wanaingia alasiri. Ukirudi kabla hawajaingia, na dada yumo, tutausikiliza wa kwako. Usiporudi, unapigwa wa Kishindo, na huo ndio utakaotolewa. Na mimi naondoka na wewe. Nataka nione kwa macho yangu unachofanya humo ndani."

*

Chumba cha kazi kilikuwa chumba cha nyuma nyumbani kwa Fundi. Magodoro mawili yamesimamishwa ukutani yanywe mwangwi. Meza, kompyuta, spika mbili ndogo juu ya stendi zake, kiti kimoja cha magurudumu na kigoda. Vikombe vitatu vya chai havijaoshwa, kimoja kina ukungu. Shemeji alivitazama, akavisogeza pembeni.

Fundi akawasha. Wimbo ukaanza. Ubeti ukafika, na Chiriku akaimba, mpana, kushoto na kulia, mpaka nyuma ya kichwa.

"Mbona yupo!" Shemeji alisema. "Si yupo?"

Mkono wa Fundi ulikuwa umekwenda kwenye kitufe kimoja pembeni ya mashine, akakibonyeza.

Chiriku akatoweka. Ngoma inaendelea, besi inaendelea, ubeti patupu. Shemeji akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Kitufe hicho kinafanya nini?"

"Kinaunganisha kushoto na kulia viwe kitu kimoja. Ukumbi ule spika zake zote zimeunganishwa hivyo, ili aliyekaa pembeni asikie sawa na aliyekaa katikati."

"Sasa dada anakwenda wapi?"

"Anajifuta mwenyewe." Fundi alikuwa anaongea kama anayesoma maelekezo ya dawa. "Chukua watu wawili, mmoja huku mlangoni, mmoja kule. Wanasukuma mlango mmoja kwa nguvu ileile, kila mmoja upande wake. Mlango unakwenda wapi?"

"Hauendi popote."

"Ndiyo hivyo. Sauti yake iko kushoto na iko kulia, lakini upande mmoja umegeuzwa. Huku ikisukuma, kule inavuta. Kwenye spika mbili hutambui. Ukiziunganisha, hakuna kitu."

Shemeji akasimama, kigoda kikaanguka. "Na nani aligeuza?"

Fundi akakiachia kitufe.

"Kishindo!" Shemeji alisema, akajipiga paja. "Ni Kishindo! Alikuja kuhani msiba, si ndiyo? Akaomba kuona studio. Akakaa kwenye kiti hicho hicho huku wewe umekwenda kumletea maji. Shemeji, nilimkabidhi dada yangu nyoka kwa mikono yangu mwenyewe!"

Ilikaa sawa kabisa. Msomaji, nakiri ilikaa sawa hata kwangu. Fundi akaifungua njia ya sauti ya Chiriku kwenye skrini. Nakala mbili: moja imetupwa kushoto kabisa, moja kulia kabisa, na ya kulia alama ya kugeuza inawaka. Akafungua mdomo aseme ndiyo, ni yeye, mwanaharamu yule.

Kisha akakumbuka.

"Si Kishindo," alisema. "Ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Siku nilipoanza kazi baada ya matanga." Akanyoosha mkono, akaonyesha hewa tupu katikati ya spika mbili, pale juu ya skrini. "Alikuwa hapa."

"Nani alikuwa hapo?"

"Yeye. Sauti ukiiweka katikati, mtu anakuwa mbele yako. Hapa, usawa wa uso. Unaona kama ukinyoosha mkono utamshika shavu. Nilishindwa, shemeji. Kila nikipiga, yuko hapa. Nikaifanya nakala, nikaigeuza, nikatupa moja huku na moja kule. Katikati pakawa wazi. Alikuwa kila mahali na hayupo mahali popote. Ndipo nikaweza kufanya kazi."

Sasa mseme wenyewe. Huyu ndiye mtu ambaye miaka yote amewakoromea mafundi wenzake: hujabonyeza kitufe cha kuunganisha, hujamaliza kazi, usiniletee upuuzi. Na wimbo wa mke wake hakuubonyezea kitufe hata siku moja, maana alijua akikibonyeza atalazimika kumrudisha pale mbele. Au hakujua. Mtu akifa ganzi hajui anachokijua.

"Kwa hiyo ulimkimbia," Shemeji alisema. "Amebaki sauti tu, na sauti nayo umeikimbia."

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo hivyo hivyo?"

"Nisemeje?"

Shemeji akakiinua kigoda, akakaa.

Fundi akazifuta nakala zote mbili. Akaenda kwenye rekodi ya awali, ile mbichi ya siku Chiriku aliposimama kona ile na kipaza sauti, haijaguswa na mtu, akaiweka katikati. Akapiga.

Chiriku akaimba mbele yao. Alikuwa pale pale, usawa wa uso.

Shemeji akashindwa kujizuia. Alilia kwa sauti, ameinama, kichwa kwenye ukingo wa meza, anamwita dada yake kwa jina la utotoni. Fundi akakaa anasubiri na kwake kitu kije. Alitazama ile hewa. Alihesabu mistari. Hakikuja.

"Hata machozi huna?" Shemeji aliuliza, kamasi zinamtoka.

"Sina. Nimeyatafuta."

"Unanitisha."

"Hata mimi najitisha. Niachie nafasi nifanye kazi."

Na kazi ilikuwapo, tena nyingi! Wimbo wote ulikuwa umejengwa kuzunguka pengo. Vinanda vilikuwa vimejaa katikati, besi imetanuka, ngoma imekaa miguu juu kama mwenye nyumba. Sasa mwenyewe karudi na hana pa kukaa. Akiimba anazama.

"Mwongeze," Shemeji alisema.

"Nikimwongeza yeye, nitaongeza na ngoma isizidiwe, halafu besi isizidiwe na ngoma. Tutaishia kwa Kishindo."

"Sasa?"

"Napunguza wengine."

Akaingia kwenye vinanda, kimoja kimoja, akakikata ule mngurumo wa chini ambao hakuna anayeusikia lakini unakula nafasi. Kikisikika peke yake kilikuwa chembamba mpaka Shemeji akauliza kama kimeharibika. Vikikaa pamoja, kila kimoja kikapata chumba chake. Besi akaiwekea amri: ngoma ikipiga, wewe shuka, ikipita, rudi. Palipo na sauti ya Chiriku akavichimba vinanda kidogo, katikati tu. Vilele vya ngoma vilivyochomoza peke yavyo akavipunguza kimoja kimoja kwa mkono, asiibane ngoma nzima kwa ajili ya vichache. Kisha akaishusha sauti ya spika mpaka ikawa kama mnong'ono wa chumba cha pili.

"Mbona unashusha? Si tunataka kubwa?"

"Kwa sauti ya juu kila kitu kizuri. Nataka nijue tukiwa chini nani anapotea."

Hakupotea mtu. Akakibonyeza kitufe cha kuunganisha. Chiriku alibaki.

Kisha mkono wake ukaenda wenyewe, kwa mazoea, kwenye pumzi. Kabla ya kila mstari Chiriku alivuta hewa, na ndani ya hewa ile mlikuwa na kijifilimbi kidogo, cha juu, kama kinachotoka mbali. Pumzi hizi Fundi huzitoa kwenye wimbo. Kwa kila mwimbaji huzitoa, na kwa Chiriku alikuwa anazitoa kabla hata ya kuanza kazi nyingine.

"Muda, shemeji!" Shemeji alisema, amekwisha simama, funguo mkononi. "Watu watakuwa wamefika. Hizo ni pumzi tu. Nani hapumui?"

Fundi akazitazama kwenye skrini, vijistari vidogo mbele ya vikubwa.

"Haya," alisema. "Zibaki."

*

Nje ya ukumbi watu walikuwa wameanza kujikusanya, wamevaa vizuri. Ndani, Kishindo alikuwa ameketi nyuma ya mashine yake anakula karanga, na mama mkwe kwenye kiti kilekile.

"Piga," Shemeji alisema.

Kishindo akapiga. Ngoma, kinanda cha kwanza, besi. Ubeti ukafika, na Chiriku akaingia.

Alikuwa katikati ya ukumbi, amesimama. Mwisho wa mstari akaishusha sauti, na siri ikawa siri. Waliokuwa wanapanga viti hawakuacha viti. Walivishikilia.

"Yumo," Kishindo alikubali. "Lakini mbona mdogo? Wangu ulikuwa unatikisa paa."

"Ongeza," Fundi alisema.

Kishindo akaongeza. Ukumbi ukajaa.

"Ongeza."

Akaongeza tena. Vioo vya madirisha vikaanza kuimba, na sauti ya Chiriku imetulia vile vile, laini, kila neno. Kishindo akaacha kutafuna. Akaongeza mwenyewe bila kuambiwa, kisha tena, akaweka sikio kwenye spika iliyo karibu kutafuta mkwaruzo. Akasimamisha wimbo, akapiga wa kwake, akaupandisha mpaka hapo hapo. Ukapasuka: krrr, krrr, kila ngoma ikigonga. Watu wakaziba masikio.

Kishindo alizima. Akachomoa flashi yake, akairudisha mfukoni.

"Wa kwako unapanda tu," alisema. "Hauna mwisho. Haya, nimekubali, na msinifanye niseme mara mbili."

"Unapigwa wa Fundi!" Shemeji alipiga kelele, akamrukia shemeji yake, akamkumbatia shingo. Fundi alisimama mikono imening'inia. Ameshinda. Sauti ya mke wake itatoka nzima. Aliyaambia maneno hayo moyoni, na yalikuwa kweli, na yalikuwa maneno.

Ila mama mkwe hakupiga makofi.

Alikuwa ameondoka kitini. Amesogea mpaka mbele ya spika kubwa ya kulia, karibu kabisa, amenyoosha kiganja mbele yake.

"Rudisha nyuma," alisema.

Kishindo akarudisha.

"Zaidi. Kabla hajaimba. Piga." Chiriku akavuta pumzi, akaimba mstari. "Hapo! Rudia hapo tu."

Kishindo akarudia. Pumzi, na kijifilimbi ndani yake, kikubwa sasa kama ukumbi wenyewe.

"Samahani mama," Fundi alisema. "Hizo nilizisahau. Yaani sikuzisahau, muda ulikuwa mdogo. Nitaziondoa sasa hivi."

"Mkwe wangu, unajua hiyo ni nini?"

"Ni pumzi."

"Ni kifua." Mama mkwe hakuinua sauti. "Kifua cha kubana, alizaliwa nacho. Nimemkalisha mapajani miaka mingapi nikikisikiliza hicho hicho, nikiomba kisinyamaze ghafla. Alipokuwa binti kikamwacha. Nikashukuru, nikasahau." Akageuka. "Kilirudi lini?"

Shemeji alikuwa amemwachia Fundi shingo. Akarudi nyuma, kuelekea pazia la jukwaa.

"Nakuuliza wewe. Ulikuwa unalala naye kitanda kimoja. Kazi yako wewe ni masikio, watu wanakuletea nyimbo kutoka mbali kwa sababu unasikia wasichosikia wao. Hiki hukukisikia?"

Na hapa, ndugu zangu, angeweza kusema hapana. Mama angeamini. Wangezika jambo hilo wakafungua milango.

"Nilikisikia," Fundi alisema.

"Lini?"

"Kwenye kila wimbo. Mwaka mzima, labda zaidi. Niliona ni kelele, mama. Kama kelele za feni, kama gari likipita nje. Nikaisafisha. Kila siku alipoimba, niliisafisha ikaisha, nikamwonyesha, nikamwambia sikiliza ulivyo safi sasa."

Alisikia kitu vidoleni. Kilianza kama sindano, kikapanda viganjani. Mguu ukifa ganzi, mnajua unavyoudhi damu ikirudi. Akashika ukingo wa jukwaa.

"Na yeye alisemaje?" mama mkwe aliuliza.

"Yeye ndiye aliyeniomba."

"Alikuomba nini?"

"Niitoe. Wimbo wa kwanza kabisa ule. Alikaa kwenye kigoda, akacheka, akasema hiyo ifute, mama asije akaisikia." Sauti yake ilikuwa inakatika sasa. "Nilidhani ni madaha tu. Waimbaji wote hawapendi pumzi zao. Sikumuuliza kwa nini mama. Kwa nini wewe, na si watu wengine wote."

Mama mkwe akakaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa pale pale kwenye ngazi ya jukwaa, mkoba ukaanguka.

"Mimi nilimwapisha," alisema. "Siku anaondoka kwangu kuja kwako. Nilimshika mkono nikamwambia, kifua hicho kikirudi, muziki basi, unarudi nyumbani nikakutunze. Akaniapia. Mtoto hakupenda kitu duniani kama kuimba, na mimi nikamfanya achague." Akajifuta uso kwa upindo wa nguo. "Alikuwa ananificha mimi. Na wewe ndiye uliyekuwa unamfichia, hata hujui."

Fundi alipiga magoti. Hakupanga, magoti yalikwenda. Alilia kama mtu anayetapika, bila ustaarabu, paji la uso kwenye mbao za jukwaa, na kila kitu alichokitafuta wiki zote hizo kikaja kwa pamoja: uchungu, aibu, hasira, na mapenzi, mapenzi hasa. Aliumia kila mahali. Mama mkwe alinyoosha mkono akamwekea kisogoni, akauacha pale.

Mlango wa nyuma ukagongwa. Watu nje walikuwa wamechoka kusubiri.

"Jamani," Kishindo alisema, na kwa mara ya kwanza katika hadithi hii alisema polepole. "Wanaingia. Nipige na hizo pumzi, au nizikate hapa haraka? Naweza. Hawatajua."

"Ukizigusa, sitakusamehe mpaka nakufa," mama mkwe alisema.

Fundi akainua uso, umelowa wote. "Ziache," alisema. "Tena ziongeze."

Kishindo akaweka mkono kwenye mashine. Mlango ukafunguliwa, mwanga wa nje ukaingia pamoja na watu wa kwanza. Ndipo wote watatu wakatambua kwamba Shemeji hajasema neno muda wote huo. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia la jukwaa, amejikunyata, ameng'ang'ania viatu vyake kifuani.

"Mbona mimi hamniulizi habari ya kifua hicho?" alisema. "Asubuhi ile alipofariki, si nilikuwa naye mimi?"